Mbele ya Kuuza 504 Yetu, Tutengeneze Ndani Yake

(Maneno yaliyosemwa na mtumishi wa terrain wa shirika linalosindikiza chama chetu, katika mkutano mkubwa wa wanachama, Baraka. Wanachama waliobaki mashambani waliomba yaandikwe ili nao wayasome.)



Niliombwa kusema juu ya ile motokari iliyosimama nyuma ya biro. Wanachama wanaijua kuliko mimi. Kwa wale wa mbali niseme kwa ufupi: ni Peugeot 504 ya milango minne. Mzee wetu mmoja aliinunua Bujumbura katika miaka ya 80. Vita ilipofika hapa mwaka wa 1996, yeye na jamaa yake walivuka ziwa kwenda Kigoma, sawa na wengi mlio hapa. Shemeji yake aliyebaki akatoa magurudumu na betri, akaijaza kuni juu na pembeni ndani ya kibanda cha matofali, hata kila mwenye bunduki aliyepita akaona ni rundo la kuni tu. Mzee aliporudi toka kambini akaikuta palepale. Mbele ya kufa akaiachia chama. Injini iliamshwa, breki zikatengenezwa, na tangu hapo inabeba maharusi siku ya Jumamosi. Siku nyingine inapeleka hospitali mama mwenye uchungu. Pesa za harusi zinaingia katika kasha la matanga na magonjwa. Ndiyo sababu jambo hili si mchezo wa vijana wanaopenda motokari.

Sasa kuna mnunuzi. Alizunguka nje, akagonga bodi, akasikiliza injini, akafurahi. Alipofungua mlango akacheka, akasema: "Lakini huku ndani imekufa." Bei aliyotoa mmeisikia wote. Mkutano ujao mtapiga kura kama iuzwe au ibaki. Mimi si mwanachama, sina kura, na sitawaambia mpige namna gani. Ninachosema ni hiki: ndani haijafa. Imepauka. Kufa na kupauka ni vitu viwili, na anayewapunguzia bei anategemea kwamba hamjui tofauti yake. Tuitengeneze ndani sisi wenyewe, hapahapa, halafu mpige kura mkiwa na motokari yenye bei yake ya kweli. Na mtakaotaka ibaki, basi maharusi nao hawatakuwa wakitandika kanga mbele ya kukaa.

Marafiki wafadhili wanaweza kujiuliza kwa nini mtu wa misaada anaongea juu ya viti na dashibodi. Jibu ni kwamba wanachama waliniuliza, na mimi ninalijua jambo hili kidogo. Tangu niko chuo nilikuwa ninatumia likizo zangu nyumbani kwa mjomba, kutengeneza ndani ya motokari zake mbili za zamani. Tena sikuja kuomba bajeti. Vitu vyote nitakavyovitaja havifiki bei ya mbuzi wawili.

Tuanze na swali la kwanza: ni nini kilitokea mle ndani? Hapa sina haja ya kutafuta mfano mbali. Ninyi wote mmelala chini ya turubai la HCR, Nyarugusu ama Lugufu. Mnakumbuka lilivyokuwa siku ya kwanza: zito, laini, linakunjika. Nyuma ya kiangazi mbili tatu lilikuwaje? Linalia kama karatasi upepo ukivuma. Ukilishika, vidole vinabaki na unga mweupe. Ukilivuta linapasuka kama jani kavu la mgomba. Na ile sehemu iliyokunjwa ndani, chini ya udongo, ambako jua halikufika, ilibaki nzima. Ni jua lilefanya. Miale ya jua inakata nyuzi ndogo sana zinazoshika plastiki pamoja, tena inakula rangi iliyo ndani yake. Ule unga ni plastiki iliyokufa ya juu kabisa. Chini yake kuna nzuri bado.

504 yetu ni turubai lilelile. Kibanda cha mzee mlango wake ulielekea ziwa, kwa hiyo kila asubuhi jua lilipanda juu ya maji na kupiga kioo cha mbele moja kwa moja, mahali ambapo kuni hazikufika. Tazameni: dashibodi juu imekuwa ya majivu na ina nyufa, viti vya mbele vimepauka mabegani, lakini kiti cha nyuma chini ya magoti ni kama cha jana. Jua limeandika lilipofika na lilipokomea.

Simili ya viti, ile inayofanana na ngozi, ina jambo lake la pekee. Simili ni plastiki ngumu kwa asili. Kiwandani walichanganya ndani yake mafuta fulani ili iwe laini. Joto linayatoa kidogo kidogo, na hapo simili inakakamaa na kupasuka. Ule ukungu wenye mafuta mnaoukuta ndani ya kioo cha motokari iliyolala juani siku nyingi, sehemu yake kubwa ndiyo hayo mafuta yaliyotoka. Hakuna dawa ya kuyarudisha yote. Anayewauzia chupa na kuwaambia inalisha simili hata ikawa mpya, mwambieni asante, mpite.

Na hapa niseme juu ya siraji, maana nimekwisha kuiona kwenye kiti cha nyuma. Siraji ni ya viatu. Kwenye simili haizami, inabaki juu, na siku ya joto inahamia kwenye gauni la bibi harusi. Mafuta ya ngazi ni mabaya zaidi: yanang'aa siku mbili, halafu yanakamata vumbi na kunuka. Petroli inasafisha, kweli, lakini inaiba ile laini iliyobaki, na moshi wake ndani ya motokari iliyofungwa, karibu na jiko la makala, sina haja ya kuwaeleza. Halafu kuna ile chupa ya kung'arisha matairi inayouzwa kila mahali. Vijana wanaipenda kwa dashibodi. Ndani yake mara nyingi kuna silikoni. Ikishaingia katika plastiki, rangi utakayopaka kesho haishiki. Inakimbia na kuacha vidoa vya duara kama macho ya samaki. Na juu ya dashibodi mng'aro wake unapanda kwenye kioo, dereva anaona dashibodi mahali pa barabara. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna kinachopakwa mpaka tumemaliza kuosha.

Kuosha ndiyo kazi. Nusu ya kile mnachokiita kupauka ni uchafu wa miaka, moshi wa kuni, jasho la mikono na ule unga nilioutaja. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, brashi laini, na brashi ya meno ya zamani kwa mistari ya mshono. Povu liwe jingi, maji yawe machache, maana chini ya simili kuna sponji, na sponji likinywa maji litaozea humo. Unasugua sehemu ya ukubwa wa sahani, unapangusa kwa kitambaa chenye maji safi, unaenda nyingine. Kitambaa kikibaki cheusi, unarudia. Kuna sehemu mtaosha mara nne. Mlango wa nyuma wa kushoto niliujaribu juzi mbele ya Mzee Prezida, na yeye mwenyewe akauliza kama nimepaka rangi. Sikupaka kitu. Pengine theluthi ya ndani yote itaishia hapo, bila kununua hata kopo moja.

Nyuma ya kuosha na kukauka ndipo tunatafuta rangi ya kweli. Msitazame mahali palipo wazi, patawadanganya. Ondoeni kisahani cha majivu ya sigara, mtazame ukingo uliokuwa umefichwa. Inueni kivuli cha jua, mtazame upande uliolala juu ya dari. Mtaona kahawia iliyokolea, kama kahawa yenye maziwa kidogo, si ile ya mchanga tuliyoizoea. Hiyo ndiyo mtu anayeuza rangi aonyeshwe. Chukueni kile kisahani kwenda nacho dukani. Msiende na picha ya simu, simu ina rangi zake. Na hapa nina neno na vijana waliotaka nyekundu na nyeusi. 504 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa motokari ya mwaka ya Ulaya, na ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka wa 1975, tena 1978. Wanaoitafuta leo wanajua ilikuwaje. Rangi yake ya asili ina bei. Nyekundu yenu ina bei kwenu tu.

Mbele ya kupaka, lazima kujua kila kipande ni plastiki gani, maana rangi moja haishiki kila mahali. Kuna njia ya nyumbani. Kata kipele kidogo sana kwa wembe, upande wa nyuma usioonekana, kiwe plastiki tupu bila sponji. Kitie ndani ya glasi ya maji yenye tone la sabuni, ukisukume chini, ukiache. Kikielea, ni ile familia ya bidoni na mabeseni, yenye kuteleza kama ina mafuta. Rangi ya kawaida itabanduka juu yake kama ganda la kitunguu, inataka kwanza dawa ya kushikisha inayouzwa kwa kazi hiyo. Kikizama, kuna matumaini: ni simili, ama ile plastiki ngumu ya vifuniko na vishikio. Hizo zinapokea rangi vizuri.

Rangi yenyewe ni ya kupuliza, na kwenye kopo tafuteni maneno ya Kifaransa: *vinyle*, ama *plastique souple*. Si rangi ya mlango wa nyumba. Rangi ya nyumba inakauka ngumu, na simili inakunjika kila mtu anapokaa. Nyuma ya harusi mbili itakuwa magamba. Ile ya *vinyle* inakunjika pamoja na kiti. Mbele ya kupuliza, pangusa kwa spiriti, haraka, kitambaa kikiwa na unyevu tu, ili kuondoa mafuta ya mikono. Jaribu kwanza chini ya kiti. Halafu puliza kwa umbali wa sentimita 25 ama 30, mkono ukitembea, tabaka nyembamba kama umande. La kwanza litaonekana baya, madoadoa, na hapo ndipo kijana anaingiwa na haraka na kumwaga yote. Asimwage. Dakika 10 ama 15, halafu la pili, halafu la tatu. Tabaka nene linajaza vinyweleo vya simili, na kiti kinaonekana kama beseni.

Kazi hiyo ifanyike nje, chini ya kivuli, viti vikiwa vimetolewa. Siku za mvua rangi inakauka na ukungu mweupe juu yake; kiangazi ni kizuri, ila vumbi la barabara, kwa hiyo mtu amwage maji uwanjani asubuhi. Jiko la makala likae mbali, watoto wakae mbali, na mwenye kupuliza afunge pua na mdomo. Kitambaa cha puani kinazuia matone tu, hakizuii moshi wa dawa. Ndiyo maana ninasema nje.

Dashibodi itatuchukua muda kuliko vyote. Juu yake kuna ngozi ya plastiki, chini sponji, na jua lilipoikausha ikajivuta na kupasuka. Nyufa ndefu ni tatu. Watu wengi hujaza gundi ngumu ya vipande viwili, wanapiga msasa, inapendeza, na kiangazi kinachofuata inapasuka tena pembeni mwa ile gundi, kwa sababu dashibodi inatanuka na joto na gundi haitanuki. Tutumie mastike ya poliurethani, ile nyeusi mafundi wanayoshikishia vioo vya mbele. Inabaki na mpira ndani yake, na rangi inaishika. Kata kingo zilizojikunja, sukuma mastike ndani, sawazisha kwa kisu kilicholowa maji ya sabuni, acha siku mbili nzima, ndipo msasa mwembamba. Mafundi wenye silikoni ya bafu wasiisogeze karibu. Nimekwisha kusema silikoni inafanya nini.

Hata tukifanya vizuri, mistari mitatu itaonekana kidogo, maana ile mikunjo midogo ya ngozi haitarudi. Kuna dawa ya zamani ambayo madereva wa safari ndefu wanaijua: kifuniko cha kitambaa kilichoshonwa kwa umbo la dashibodi. Hapa tuna mama wawili na kijana mmoja waliojifunza kushona Nyarugusu na ambao mashine zao sasa zinashona sare za shule tu, miezi miwili kwa mwaka. Kazi hii ni yao, na walipwe kutoka mapato ya harusi ya kwanza. Ninaomba tu kitambaa kiwe kizito, cheusi ama kahawia, kisichong'aa. Wakimaliza hii moja watakuwa na umbo la karatasi la kufuata, na 504 haziishi hapa kwetu na Bujumbura. Mtu atakuja kuuliza.

Vifuniko vya milango nyuma yake ni ubao wa karatasi iliyoshindiliwa, kama motokari nyingi za wakati ule. Maji yaliingia kwa kioo, ubao ukavimba. Ule uliovimba kidogo unalazwa chini ya mbao na mawe wiki nzima ukiwa umekauka. Uliooza unatupwa, tunachora umbo lake juu ya tripleksi nyembamba, tunakata, tunatoboa matundu palepale yalipokuwa, na kuvalisha simili ileile ya zamani. Simili iliyokakamaa ikiwekwa juani nusu saa inalainika, hapo ndipo inavutwa na kubandikwa kole. Nusu saa, si siku nzima, ama tunarudia kosa la kibanda.

Vitu vyeupe vilivyogeuka njano, kama vifuniko vya taa ya dari na vishikio, havihitaji rangi. Nendeni saluni mkanunue oksidanti ya nywele, ile krimu iliyoandikwa *40 volumes*. Vaeni glavu, pakeni krimu nene, mfunge kwa nailoni inayopitisha mwanga, mweke juani saa chache, mkigeuza na kuongeza krimu mbele haijakauka. Ikikauka inaacha mawingu. Jua lilelile lililoharibu linasaidia kurudisha weupe, na wazee watacheka na jambo hilo. Njano inaweza kurudi nyuma ya miaka, na plastiki iliyolegea haipati nguvu mpya. Ni sura tu. Krimu hiyo isiguse kitu cheusi wala kitambaa. Kwa kioo cha saa za mbele, kile cha plastiki chenye michubuko, dawa ya meno nyeupe na kitambaa cha pamba vinatosha, na uvumilivu wa robo saa.

Zulia la chini, mama mmoja alisema tulitie rangi ya batiki. Wazo zuri, lakini rangi ya batiki inauma pamba. Zulia hili si pamba, ni nyuzi za kiwandani, na rangi itabaki kwenye viatu vya maharusi. Tujaribu kwenye kipande kilicho chini ya kiti, tukioshe kesho yake. Maji yakitoka na rangi, tuliache lilivyo, tulisafishe tu. Zulia la miaka 40 lililo safi halimwaibishi mtu.

Usukani una mipasuko miwili. Hapo gundi ngumu ya vipande viwili inafaa, maana usukani haukunjiki, halafu msasa na rangi. Lakini kwanza mekanisie auangalie chuma cha ndani. Kikiwa kimeoza na kutu, hakuna gundi wala rangi itakayopakwa, tunatafuta mwingine.

Sasa mikanda. Hapa ninaomba mnisikilize hata kama mmechoka, na najua wengine wanatazama saa. Mikanda ya mbele imepauka mpaka imekuwa ya kijivu, na mjumbe mmoja wa komite, ambaye ninamheshimu, amependekeza itiwe rangi pamoja na viti. Hapana. Mkanda uliopauka hautengenezwi. Ni nyuzi, na jua lililokula rangi yake limekula nguvu yake pia, kama lilivyokula turubai. Mlikuwa mnaona turubai limesimama, na siku ya upepo likapasuka kwa mkupuo mmoja. Rangi ya nguo, oksidanti, jiki, vyote vinazidisha udhaifu, na kibaya zaidi vinauficha. Mtu atafunga mkanda mweusi unaong'aa na kuamini. Motokari hii inabeba mama wajawazito kwenye barabara tunayoijua. Mikanda ikatwe, inunuliwe mingine, na ikiwa kuna franka za kununua kitu kimoja tu katika kazi hii yote, basi ziende huko mbele ya rangi. Dereva anaweza kuendesha harusi juu ya kiti kilichopauka.

Wafadhili waliotuandikia kwamba wako tayari "kusaidia kitu kidogo", kama wanauliza kidogo gani, ni hicho: mikanda miwili ya mbele, mipya, yenye vishikio vyake. Mingine tutaifanya wenyewe.

Kuna vitu nisingegusa kabisa. Alama ya kisu kwenye kiti cha nyuma, iliyoshonwa kwa uzi wa nyavu, iacheni. Mtoto wa mzee aliniambia baba yake aliishona mwenyewe usiku, mwaka aliorudi, kwa uzi wa mvuvi kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mshono umeshika vizuri. Mnunuzi akiuliza, mwambieni.

Na kazi ikiisha, motokari isirudi juani. Hiyo ni rahisi kusema, lakini nyuma ya biro hakuna kivuli baada ya saa nne. Tunayo mabati sita yaliyobaki kwenye ujenzi wa choo, na miti ya kusimamisha tutapata. Turubai msiifunike nalo moja kwa moja: linafunga unyevu, bodi inaota kutu, na upepo unasugua rangi. Bati juu, pembeni wazi. Ndani, kipande cha katoni nyuma ya kioo cha mbele kila inaposimama. Katoni tunazo nyingi kuliko tunavyohitaji.

Mlango wa nyuma wa kushoto uliooshwa uko wazi, tokeni mkauone mkilinganisha na wa kulia ambao haujaguswa. Tutaanza Jumamosi hii saa mbili asubuhi, kwa kuosha tu. Viti vitatolewa na mekanisie mbele ya hapo, na boluti zitiwe katika kopo moja lenye kifuniko, kila kiti na kopo lake. Mwenye brashi ya meno ya zamani aje nayo, na mwenye beseni. Mama wa mashine waje saa nne na karatasi za kuchukulia umbo la dashibodi. Siku hiyo hakuna harusi iliyoandikwa, nimeangalia daftari.